Katuni Mpya za Wiki: Maswali Mnayoniuliza Kila Jumatano

Kila Jumatano jioni, nikishafunika cherehani, naandika majina ya katuni mpya ninazoona zinastahili kusomwa wiki hiyo, kisha nabandika karatasi kwenye mlango wa chumba changu cha kushonea, hapa Chikongola, Mtwara. Majina hayazidi matatu. Wapita njia huuliza, walioko Lindi, Masasi na Newala huuliza kwa simu, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, ili anayekuja leo asione haya kuuliza walichokwisha kuuliza wenzake.

Kwa nini Jumatano?

Ndiyo siku ambayo maduka ya katuni ya Marekani hupanga matoleo mapya. Mwaka 2020 kampuni ya DC, wenye Batman na Superman, waliachana na Diamond, msambazaji wao wa miaka mingi, wakawa wanatoa Jumanne. Mwaka 2024 wakarudi Jumatano. Kwa hiyo sasa Marvel, wenye Spider-Man, DC, Image na kampuni nyingine nyingi hutoa siku moja.

Wajapani wana siku yao. Sura mpya za jarida lao la katuni, Weekly Shonen Jump, hufunguliwa kwenye programu ya simu ya Manga Plus Jumapili saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, maana Tokyo wametutangulia saa sita na kwao ndiyo kwanza Jumatatu inaingia. Jua la Mtwara linazama, vijana wanarudi kutoka kuogelea Shangani, nami nina kurasa za kusoma kabla ya chakula cha usiku. Wiki yangu ya katuni inaanzia hapo.

Dada, unachagua kwa kipimo gani?

Naziba maneno. Nafungua ukurasa, naweka kiganja juu ya viputo vya mazungumzo, namwita kijana wa jirani ambaye yuko darasa la nne na Kiingereza chake ni cha salamu. Namwuliza: hapa kumetokea nini? Akiniambia nani kamkasirikia nani, nani anaficha kitu, nani kaingia chumbani wakati hakutarajiwa, katuni hiyo imepita. Akisema "wanaongea tu," naiweka kando hata kama mwandishi wake anasifiwa dunia nzima.

Maneno yana kazi yake, na mwandishi mzuri nampenda sana. Lakini maneno yakiondolewa na picha zikabaki bubu, ulichonunua ni hadithi ya kawaida iliyowekewa mapambo. Na kwetu hapa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katuni nyingi mpya zinatufikia kwa Kiingereza. Mimi huzisoma barazani kwa sauti, natafsiri papo hapo, na wanaosikiliza wanategemea picha kuliko tafsiri yangu. Picha ikiwa dhaifu, baraza zima linanitazama mimi badala ya kutazama ukurasa.

Kipimo cha pili ni nguo. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kuacha kuziangalia. Mchoraji anayejua kazi, joho analomvika Batman lina uzito: linavuta begani, linakunjamana kiwiko kikipinda, likilowa mvua linashika mgongo. Mchoraji anayelipua humvisha steringi rangi tu, kama vile kapakwa mwilini. Nimeona mara nyingi kwamba anayeheshimu kitambaa huheshimu pia vidole, nyuso na vyumba, na anayelipua kitambaa utamkuta amelipua na mlango na meza.

Cha tatu nimejifunza kwa Wamakonde. Kile kinyago tunachokiita ujamaa, watu wamepandana katika gogo moja la mpingo, hakina mbele wala nyuma. Unakizunguka, na kila ukisogea hatua unakutana na mtu mwingine na kazi nyingine: huyu anatwanga, yule kambeba mtoto, wa juu kabisa anatazama mbali. Hakuna aliyekuambia uanze wapi, lakini jicho lako halikupotea. Ukurasa mzuri wa katuni unakushika jicho vivyo hivyo, kutoka kisanduku hadi kisanduku, na ukifika mwisho hujui ni nini kilichokuongoza. Marehemu George Lilanga, aliyezaliwa huku Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwachora mashetani wake kwa mistari minene na rangi zilizojaa, macho makubwa, masikio yametanuka. Ninapotazama picha zake namwona mtu ambaye angeweza kujaza toleo zima la katuni bila kuandika neno hata moja. Kiwango changu nimekitoa hapo.

Kwa nini majina hayazidi matatu?

Fedha. Toleo moja la Marekani siku hizi ni dola 3.99 au 4.99. Hiyo ya pili inazidi shilingi 12,000, karibu na ujira wangu wa kushona sketi moja ya shule, na ndani yake kuna kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Unazimaliza kabla chai haijapoa. Kwa bei hiyo siwezi kumwambia mtu ajaribu hiki, ajaribu na kile. Wiki nyingine naandika jina moja. Zipo wiki nimebandika karatasi tupu yenye tarehe tu.

Tupe mfano wa wiki uliyoandika jina moja.

Jumatano ya tarehe 9 Oktoba 2024. Siku hiyo ilitoka Absolute Batman namba 1, mwandishi Scott Snyder, mchoraji Nick Dragotta.

Tangu mwaka 1939 tumemzoea Batman tajiri: jumba la kifahari, mtumishi, pango lililojaa mitambo. Huyu wa Snyder na Dragotta hana hivyo vyote. Bruce Wayne wake, yaani Batman akivua kinyago, ni mtoto wa mtaa wa kawaida, baba yake alikuwa mwalimu na aliuawa kwa risasi, mama yake yu hai, yeye mwenyewe ni mhandisi. Alfred, tuliyemjua kama mtumishi wa nyumbani, hapa ni jasusi aliyetumwa kumchunguza. Hata ile alama ya popo kifuani inang'oka na kuwa shoka. Dragotta amemchora mkubwa kama mwamba, na joho lake lina ncha zinazojinyoosha kama mikono. Kitambaa kile kina uhai. Nilikaa na ukurasa mmoja mpaka kijana wa jirani akaomba nisogee ili naye aone.

Oktoba kwetu ni mwezi ambao minada ya korosho inaanza. Kila baraza linazungumzia bei ya kilo na nani atalipwa lini. Nilipowasimulia watu habari za Batman asiye na fedha, anayejiundia zana zake mwenyewe, walivuta viti karibu. Yule tajiri nilikwisha kuwasimulia zamani, wakanisikiliza kwa adabu.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23, nikaandika Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson na Hayden Sherman. Diana huyu, ndiye Wonder Woman mwenyewe, hakulelewa kisiwani kwa mama yake. Amelelewa kuzimu na mchawi Circe, na bado ametoka na moyo wa huruma. Sherman anapanga visanduku vyake kwa namna ambayo ukurasa wenyewe unakuwa jengo. Hiyo ilipita vipimo vyote vitatu.

Na Spider-Man? Mbona humwandiki mara kwa mara?

Namwandika anapostahili. Tarehe 10 Januari 2024 alistahili kuliko wote. Ultimate Spider-Man namba 1 ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto inatupa Peter Parker mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, ambaye buibui hakumng'ata ujanani. Tangu mwaka 1962 hadithi ya Spider-Man ni hadithi ya mvulana aliyebebeshwa mzigo bila kuulizwa. Hapa ni baba wa familia anayechagua kuubeba, na mkewe yuko nyumbani. Mimi niliguswa zaidi na kurasa ambazo hakuna anayeruka wala kupigana, watu wamekaa tu wanazungumza. Checchetto anajua kuchora watu waliokaa. Ni kazi ngumu kuliko kuchora ngumi.

Unajuaje kitakachotoka kabla hakijatoka?

Wachapishaji hutangaza miezi kama mitatu kabla. Maduka hutoa oda, kisha kuna siku ya mwisho ya kuirekebisha, wiki kama tatu kabla ya toleo kufika dukani.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa sababu wengi hawalijui jambo hili na ndilo linaloamua katuni ipi iishi na ipi ife. Tangu miaka ya 1970 maduka ya katuni Marekani hununua kwa masharti kwamba kisichouzika hakirudishwi. Hasara ni ya mwenye duka. Basi mwenye duka akiona mfululizo mpya wa watu wasiojulikana, anaagiza nakala chache asije akabaki nazo. Tena matoleo hutoka kila mwezi: namba 1 inapofika mikononi mwa msomaji, muda wa kurekebisha oda ya namba 2 umebaki kama wiki moja tu, na namba 3 iko njiani. Muuzaji anaagiza gizani. Msomaji akiipenda namba 1 wiki ya pili baada ya kutoka, idadi ya namba 2 imekwisha kupangwa kwa hofu, na mfululizo unaonekana umeshuka kabla haujapata nafasi ya kupendwa.

Ndiyo maana mwenye kupenda katuni akizungumza mapema, anasaidia. Karatasi ya mlangoni Chikongola haitamfikia mwenye duka wa Chicago, hilo nalijua. Lakini mtu mmoja hapa akinunua kwa njia halali wiki ya kwanza, ununuzi wake unahesabiwa kama wa mtu wa Chicago.

Nimeona namba imeshafika mamia. Nimechelewa?

Hujachelewa. Action Comics ilifika namba 1000 mwaka 2018, Detective Comics mwaka 2019, na hakuna anayekutaka usome zote. Usihesabu namba, tafuta mahali ambapo mwandishi mpya ameingia. Mwandishi mpya akiingia, kwa kawaida anakaribisha wageni: anawatambulisha watu upya, anafungua jambo jipya. Ni sawa na kuhamia mtaa. Ulipohamia Chikongola hukuanza kuuliza habari za kila nyumba tangu ukoloni. Ulijua jina la jirani, ukajua duka la mkaa liko wapi, mengine yakaja.

Nina kanuni moja sijawahi kuivunja: siandiki mlangoni toleo ambalo ili ulielewe lazima ununue matano mengine yaliyotoka mwezi huo huo. Kampuni kubwa hufanya hivyo kila mwaka, hadithi moja inatapakazwa kwenye mifululizo kumi. Msomaji wa Mtwara hana mfuko huo, na sitaki awe nao.

Katuni za Kijapani zimo?

Zimo, na kwa simu ndizo rahisi zaidi kuanza nazo. Kwenye Manga Plus, programu ya mchapishaji Shueisha iliyozinduliwa Januari 2019, kila mfululizo unaotoka una sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni bila malipo. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Waliosoma madrasa huzoea haraka. Jicho lao linajua njia hiyo.

One Piece ya Eiichiro Oda ilianza tarehe 22 Julai 1997 na bado inaendelea. Ni habari za mabaharia, visiwa, meli na urafiki, na nimeona wavuvi wa Mikindani wakibishana juu ya matanga yake. Kinachonishangaza ni kasi: sura nzima ya kurasa 17 au zaidi karibu kila wiki, kwa wino mweusi, kwa miaka yote hiyo. Jarida lenyewe inakotoka, Weekly Shonen Jump, liliwahi kufikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja, mwaka 1995.

Kuna pia zile za Korea, zinazosomwa kwa kushusha kidole kutoka juu hadi chini. Naver, kampuni ya mtandao ya huko, walianza zao mwaka 2004, na zimetengenezwa kwa ajili ya skrini. Nyingi nzuri, nyingi zinajirudia. Nimeandika tatu au nne tu mlangoni tangu nianze.

Nazipataje za Jumatano nikiwa huku Kusini?

Njia kuu ni simu au kishikwambi. Kindle, programu ya Amazon ya kusomea vitabu, ndiko yalikohamia mauzo ya comiXology, duka la katuni la mtandaoni ambalo Amazon ililinunua mwaka 2014 na kuliingiza humo mwishoni mwa 2023. Marvel wana Marvel Unlimited, unalipia kwa mwezi na kusoma kwa kadiri ya macho yako, ila matoleo mapya huingia baada ya miezi kama mitatu. Kwa asiye na haraka, hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Ukiwa na marafiki mnaosoma pamoja barazani, mmoja analipia, wote mnakaa mbele ya kishikwambi kimoja. Pakua mahali penye Wi-Fi au kwa bando la usiku; kurasa za rangi zinakula bando kuliko unavyodhani.

Kwa karatasi, lazima kuwe na ndugu. Ndugu yuko Dar es Salaam au amesafiri, ananunua, anaweka kwenye basi, nawe unausubiri mzigo stendi. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560 na mara nyingi mzigo unafika salama.

Mei 2024 sitaisahau. Mwanzoni mwa mwezi mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kuja Kusini, kule Somanga, wilaya ya Kilwa. Mzigo wangu wa matoleo manne ulikuwa ndani ya basi upande wa pili wa maji. Nikasema basi, nitasoma kwa simu. Tarehe 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika, na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Wiki hiyo hatukuwa na kipya chochote. Jioni watu walikuja hata hivyo, nikatoa ya zamani, Bone ya Jeff Smith, nyeusi na nyeupe, iliyochapishwa kwa matoleo 55 kati ya mwaka 1991 na 2004. Tuliisoma siku tatu mfululizo. Mpaka leo kuna watoto wananiomba niwarudishie ile ya "wale weupe wenye pua kubwa."

Kuna mtu ana mafaili ya bure ya matoleo yote ya wiki. Nichukue?

Mimi sichukui, na siandiki mlangoni kitu nilichokisoma kwa njia hiyo. Najua bei inauma, nimeitaja hapo juu. Lakini nikishona gauni kwa siku mbili, mtu akaja akalichukua kwa sababu "nguo ni nguo tu," nisingenyamaza. Mchoraji wa mfululizo wake mwenyewe pale Image, tofauti na anayelipwa kwa ukurasa na Marvel au DC, mara nyingi anaishi kwa mauzo ya kitabu hicho. Za bure na halali zipo: hizo za Manga Plus, hizo za Korea, na matoleo ya kwanza ambayo wachapishaji huyaachia wenyewe ili kukuvuta. Ukizimaliza zote hizo, njoo tuzungumze tena.

Nikinunua namba 1 leo, nitaiuza kwa mamilioni baadaye?

Hapana. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, alikotokea Superman, ilikuwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa kwa dola milioni 6. Watu wanasikia hilo wanakimbilia kila chenye namba 1. Ile ni ghali kwa sababu watoto waliisoma ikachanika, mama zao wakaitupa, zikabaki chache mno. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilitolewa kwa kava tano tofauti na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 8, kila mtu akaifungia kabatini akisubiri utajiri. Zimejaa mpaka leo na bei yake ni ya chini. Biashara ile ya kununua ili kuhodhi ilipoporomoka, maduka mengi yalifungwa, na Marvel wenyewe waliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 1996.

Siku hizi kava za aina nyingi zimerudi kwa nguvu. Ushauri wangu: nunua moja tu, ile ambayo aliyeichora ndiye aliyechora na ndani. Kava ya mgeni inaweza kukuonyesha mkono ambao ndani hautaukuta.

Nitazitunzaje za karatasi?

Bahari iko karibu, hewa ina chumvi na unyevu, karatasi inajikunja na kuota madoa. Mfuko wa plastiki kwa kila toleo, kadibodi nyuma yake, halafu ndani ya tranka la bati, lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Lifungue siku kavu lipumue. Na hakuna kushika katuni kwa mkono uliotoka kubangua korosho za kuchoma. Hilo nimeliandika ukutani.

Zipi zinafaa watoto?

Angalieni alama nyuma au kwenye kava. Steringi kuvaa kinyago hakumaanishi ni ya watoto. Invincible inamwaga damu kupita kiasi. Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples naipenda kwa moyo wote, lakini ni ya watu wazima na naisoma mlango umefungwa. Absolute Batman nayo ina ukatili. Yule kijana wa darasa la nne nilimwonyesha kurasa nilizochagua tu. Kwa wadogo: Bone, niliyoitaja, na Iyanu ya Mnigeria Roye Okupe, binti yatima katika nchi iliyojengwa kwa mila za Wayoruba. Wasichana wanaokuja kupimwa sare za shule hukaa na Iyanu mpaka nawakumbusha kuvua viatu ili nipime urefu.

Mtu mzima na katuni, inakuwaje?

Shangazi yangu aliniuliza hivyo mbele ya wageni. Nikamkumbusha Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye yeye mwenyewe alimsubiri kila siku enzi za ujana wake. Nikamkumbusha Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani, ambao babu alikuwa akisomewa. Wale hawakuwa wa watoto. Nchi nzima ilijitazama ndani yao. Huko Marekani nako, Maus ya Art Spiegelman, habari za baba yake aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi, ilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Shangazi siku hizi anaulizia Jumatano.

Kwa nini huandiki katuni mpya ya Kiswahili kila wiki?

Kwa sababu haitoki kila wiki, na ninaumia. Magazetini tuna wachoraji hodari wa kisanduku kimoja. Wanagusa siasa asubuhi na mchana watu wamekwisha kuelewa. Hadithi ndefu, ya kurasa 20, inayoendelea mwezi hata mwezi, ndiyo inayokosekana.

Na hadithi hatuna haja ya kuziazima. Hapo Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya watu wetu walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kwa ajili ya Wajerumani. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kichwani na begani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa mijusi hao amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Fikiria ukurasa wa kwanza: njia ya vumbi, mstari wa wapagazi, na mfupa wa paja unaozidi kimo cha aliyeubeba. Hauhitaji neno. Au Nandete, Kilwa, Julai 1905, watu wanang'oa pamba shambani na Majimaji inaanza. Fikiria mikono tu, kisanduku baada ya kisanduku, mikono inayong'oa. Nimeyawaza haya mara nyingi nikiwa nashona, na kila mara nasikitika kwamba mimi najua kukata kitambaa, sijui kuchora uso.

Mimi nachora. Nikileta yangu, utaiandika mlangoni?

Lete. Hata kurasa nane zinatosha, alimradi hadithi iwe na mwanzo na mahali pa kusimama. Chora kwa wino mweusi, maana penseli inapotea kwenye fotokopi, na acha nafasi ya maneno kabla hujachora vichwa, wengi wanasahau wanajikuta wameandika juu ya paji la uso. Usinichoree New York. Sijafika, nadhani nawe hujafika. Nichoree soko la samaki, stendi usiku, shamba la mikorosho wakati wa mabibo, nguo zikiwa zimelowa jasho.

Njoo Jumatano kabla ya magharibi, karatasi haijabandikwa. Nitaziba maneno kwa kiganja, nitamwita kijana wa jirani, nawe utakaa pale kwenye benchi umsikilize anavyoisimulia.